KALIBU, KALIBA NA KIPENYO
Historia ya maneno ya kupimia bunduki za kuwindia wanyama wakubwa, kwa mfano wa Handeni na Korogwe

1. Utangulizi

Wafasiri wa sheria hukutana na maneno ya aina nyingi, na mara nyingi yanayowatatiza zaidi si yale makubwa ya falsafa bali yale madogo ya ufundi. Neno la falsafa likifasiriwa vibaya, wasomi watabishana. Neno la ufundi likifasiriwa vibaya, mtu anaweza kunyimwa leseni aliyostahili kupewa, au akapewa leseni ya kwenda kukabiliana na nyati kwa silaha isiyomfaa.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania na lugha ya mahakama. Tangu hapo, kazi ya kuzitia katika Kiswahili sheria zilizotungwa kwa Kiingereza imekuwa wajibu wa kila siku. Miongoni mwa sheria hizo zimo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, pamoja na kanuni zinazofuatana nazo. Uwindaji wa wanyama wakubwa hauwezi kuwekewa kanuni bila kutaja kipimo cha bunduki, na hapo ndipo mfasiri anapokutana na neno ambalo siku hizi huandikwa kaliba.

Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo limetoka wapi, limetumikaje, na kwa nini halifai kuachwa litumike ovyo. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga, kwa sababu nyika ya Uzigua na bonde la Mto Pangani zimeziona bunduki za kila namna, tangu gobore la msafara hadi bunduki ya askari wa wanyamapori. Hoja yetu ni kwamba kipimo cha bunduki hakijawahi kuwa jambo la fundi peke yake. Kila zama zilipochagua namna ya kupima, zilichagua pia nani awinde na nani asiwinde.

2. Tundu na kinachotoka tunduni

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya bunduki, na mengi yamekuwamo katika kamusi tangu zama za Krapf, Madan na Johnson. Tukiyachunguza tutaona kwamba yamegawanyika katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza huitaja silaha kwa tundu lake. Neno mzinga, lenye maana ya gogo lililochimbwa ndani ili nyuki waingie, lilipewa silaha kubwa ya vita kwa kuwa nayo ni kitu kirefu chenye uwazi ndani. Kasiba, yaani mtutu wa bunduki, ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni unyasi au tete. Aliyelichagua aliangalia umbo: bomba lenye tundu.

Fungu la pili huitaja silaha kwa kile kinachotoka tunduni. Bunduki ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni aina ya kokwa ndogo ya mviringo, kisha likawa jina la kidonge cha kutupia, mwishowe likawa jina la chombo chenyewe. Risasi ni jina la madini kwanza, kisha jina la kitu kilichotengenezwa kwa madini hayo, nasi hadi leo twasema bomba la risasi na jeraha la risasi kwa neno lile lile. Marisau ni vipande vidogo vya risasi vinavyotoka vingi kwa pamoja, na kutokana nayo tumepata jina zuri la bunduki ya marisau, linalotofautishwa na bunduki ya risasi.

Kati ya mafungu haya mawili limesimama neno la tatu, nalo ni kalibu. Mafundi wa Kiswahili wamelitumia tangu zamani kwa maana ya chombo cha kusubia, yaani umbo tupu ambalo madini yaliyoyeyushwa humiminwa ndani yake yakapata sura. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanakubali kwamba neno hilo la Kiarabu ndilo lililoingia katika lugha za Ulaya kwa njia ya Mediterania, likageuka kuwa jina la ukubwa wa tundu la bunduki. Sababu yake ni rahisi kuifahamu. Mwenye bunduki ya zamani alijisubia risasi mwenyewe, na kalibu ndiyo iliyoamua ukubwa wa risasi hiyo. Kalibu ikiwa kubwa mno, risasi haiingii mtutuni. Ikiwa ndogo mno, risasi hulegea na nguvu ya baruti hupotea pembeni. Basi kalibu ndiyo iliyounganisha tundu na kinachotoka tunduni.

Kwa hiyo tunaposema kaliba leo tukidhani kwamba tumeazima neno geni kabisa, kwa hakika tumempokea ndugu wa kalibu aliyerudi kwa njia ya Ulaya akiwa amevaa nguo nyingine. Jambo hili linapendeza, lakini pia lina hatari, kama tutakavyoona mbele.

3. Gobore katika nyika ya Uzigua

Uzigua uko karibu na pwani inayoikabili Unguja, na bandari za Saadani na Pangani zilikuwa milango yake. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilishuka kwenda pwani, na bunduki, baruti na nguo zikapanda kwenda bara. Wazigua walipata bunduki mapema kuliko jirani zao wa milimani, na jambo hilo lilibadili mizani ya nguvu katika eneo zima. Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Uzigua, alijijengea mamlaka yake huko Morogoro. Upande wa Usambaa, baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde katika tambarare ambayo leo imo katika Wilaya ya Korogwe, alipata nguvu kwa sababu njia ya misafara ilipita karibu naye na bunduki zikamfikia kwa urahisi. Msomaji anayetaka kuyaona mazingira hayo katika Kiswahili cha wakati ule hana budi kukisoma kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, kilichotolewa upya Nairobi mwaka 1962.

Bunduki iliyoenea ilikuwa ile iliyoshindiliwa kwa mdomoni, ambayo Waswahili waliiita gobore au korofindo. Iliyowashwa kwa utambi iliitwa ya mrao. Iliyowashwa kwa jiwe iliitwa gumegume. Na baadaye ikaja ya fataki. Mwenye nayo alimimina baruti, akatia kizibo, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Kipimo cha baruti ya mshindo mmoja kiliitwa kiasi, na neno hilo likaja kutumika hata kwa risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake. Haya yote ni maneno ya watu waliozijua kazi zao.

Ni vema kutambua kwamba katika msamiati huu hamna neno la kipenyo cha mtutu. Halikuhitajiwa. Mwindaji wa gobore aliijua bunduki yake kwa kalibu iliyokuja nayo, au kwa kutia kidole mdomoni mwa mtutu. Kama hakuwa na risasi ya kutosha, alitia kipande cha chuma. Kwa ndovu alizidisha baruti na kusogea karibu sana, kwa sababu tonge la risasi laini hubonyea lipigapo mfupa mnene, na kwa mbali halimfikii mnyama mahali penye uhai wake. Ujuzi wa kusogea ndio uliokuwa kipimo. Chuma kilifuata baadaye.

4. Mwaka 1890: sheria inapima michirizi

Mwaka 1890 unakumbukwa Uzigua kwa sababu ndio mwaka ambao Bwana Heri bin Juma wa Saadani, baada ya kupigana na Wajerumani tangu vita vya pwani vilipoanza mwaka 1888, alifanya suluhu nao. Mwaka huo huo, tarehe 2 Julai, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo unajulikana zaidi kwa habari za kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwamo vifungu kuhusu silaha vilivyohusu eneo lote la Afrika lililo kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini. Handeni na Korogwe zimo ndani kabisa ya eneo hilo.

Vifungu hivyo vilizuia kuingizwa kwa bunduki, hasa zile za kisasa, ila vikaachia bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Tuuangalie vizuri mpaka huu. Sheria haikupima kipenyo wala uzito wa risasi. Ilipima mambo mawili tu: jinsi bunduki inavyowashwa, na kama mtutu wake una michirizi ya kuizungusha risasi au hauna. Risasi inayozunguka huenda mbali bila kuyumba. Isiyozunguka hupotea njia baada ya mwendo mfupi. Mpaka kati ya mwenye michirizi na asiye nayo ukawa mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa.

Amri ya uwindaji iliyotolewa mwaka 1896 na Gavana Hermann von Wissmann ilifuata njia hiyo hiyo. Ilileta leseni na ikatenga maeneo ya kwanza ya akiba ya wanyama. Tangu hapo mwindaji wa Kizigua akawa mtu wa kuomba ruhusa, naye akabaki na gobore, wakati mgeni aliyekuja na fedha za leseni alikuja na bunduki ya michirizi. Mwanahistoria James Giblin, katika utafiti wake kuhusu eneo hili uliochapishwa mwaka 1992, ameonyesha jinsi wenyeji walivyopoteza chini ya ukoloni uwezo wa kuitawala nyika yao, vichaka vikasogea, na maradhi yaletwayo na mbung'o yakamaliza mifugo.

Kwa upande wa lugha, jambo la kusikitisha ni kwamba michirizi hiyo, iliyokuwa na uzito mkubwa kiasi hicho katika sheria, haikupewa jina la Kiswahili. Jeshi la Waingereza lililobeba sifa hiyo katika jina lake lilijulikana kwa wananchi kama Keya, yaani herufi tatu za mwanzo zilizounganishwa. Jina likaingia, maana yake ikabaki nje.

5. Namba, inchi na milimita

Wageni hao nao hawakuwa na kipimo kimoja. Walikuja na vipimo vitatu, na vyote vitatu bado vinaonekana katika hati zetu.

Cha kwanza ni namba. Kwa desturi ya Waingereza, ratili moja ya risasi, yaani gramu 454 hivi, iligawanywa katika matonge yaliyo sawa, na idadi ya matonge ndiyo ikawa namba ya mtutu. Bunduki ya namba 12 ni ile ambayo tonge lililo sawasawa na tundu lake ni moja ya kumi na mbili ya ratili, kama gramu 38, na kipenyo chake ni milimita 18.5. Ya namba 8 huchukua tonge la gramu 57, kipenyo milimita 21. Wawindaji wa ndovu wa karne ya 19 walitumia hata namba 4, ambayo tonge lake ni gramu 113 na tundu lake lakaribia milimita 27. Katika kipimo hiki namba inapopungua, tundu huongezeka.

Cha pili ni inchi, iliyoandikwa kwa desimali: .303, .375, .404, .470. Cha tatu ni milimita, kilichotumiwa na Wajerumani, nao huongeza urefu wa ganda. Ndiyo maana ya 9.3 × 62: risasi ya milimita 9.3 katika ganda la milimita 62.

Bunduki hii ya mwisho inaihusu historia ya nchi yetu. Ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani katika makoloni ya Afrika. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yalikuwa yakienea. Mlowezi hakuwa na fedha za kununua bunduki ya thamani yenye mitutu miwili iliyotengenezwa London. Alihitaji silaha iliyojengwa juu ya mtambo wa kawaida wa Mauser, yenye risasi ya gramu 18.5, itakayofaa kwa swala na, ikibidi, kwa nyati. Waingereza nao walitoa .404 ya Jeffery miaka hiyo hiyo, na mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ikatoa .375, yenye risasi ya gramu 19.4. Baadaye .404 ilitumiwa sana na idara za wanyamapori za Afrika Mashariki, na askari waliomfuata Bwana Nyama kwenda kufukuza ndovu mashambani waliizoea.

6. Funzo la mwaka 1916

Aonaye vipimo hivi huelekea kuamini kwamba tundu kubwa ni nguvu kubwa. Matukio ya Juni 1916 yanatosha kuliondoa wazo hilo. Mwezi huo majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kwa kuifuata reli na Mto Pangani, yakaingia Korogwe na Handeni. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa wameanza vita wakiwa na bunduki ya mwaka 1871, yenye kipenyo cha milimita 11 na baruti nyeusi ya moshi. Waingereza walikuja na .303, yaani chini ya milimita 8.

Kwa tundu, bunduki ya zamani ilikuwa kubwa. Lakini risasi yake ya gramu 25 ilitoka kwa mwendo wa mita 430 hivi kwa sekunde, na risasi ya .303 ya gramu 11 ilitoka kwa mita 740 hivi. Kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo, ile ndogo ilibeba nishati iliyozidi jouli 3,000, na ile kubwa haikufika jouli 2,400. Zaidi ya hayo, moshi wa baruti nyeusi ulimtangaza mpigaji kwa adui yake. Kilichobadilika ni baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa katika miaka ya 1880, na siyo tundu.

Hapa pana funzo kwa mfasiri. Kipenyo ni jambo moja, nishati ni jambo la pili, na uzito wa risasi ni la tatu. Neno moja lisilo na mpaka haliwezi kuyabeba yote matatu.

7. Kaliba ipi kwa mnyama yupi

Ama kuhusu uwindaji wenyewe, haja ya kuweka kiwango cha chini inatokana na mwili wa mnyama. Ubongo wa ndovu umezungukwa na mfupa mnene wenye vyumba kama sega la nyuki. Nyati ana bega zito, na akijeruhiwa hujificha kichakani akamngoja anayemfuata. Kwa wanyama hawa huhitajiwa risasi nzito, ngumu, isiyobonyea, itakayopita katika mfupa na kuendelea moja kwa moja. Risasi yenye ncha laini, inayofunguka mwilini, ni njema kwa pofu au kwa simba, lakini kwa kichwa cha ndovu haifai.

Wako walioikanusha kanuni hii kwa vitendo. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Alikuwa mpigaji wa shabaha isiyo ya kawaida, aliyeujua mwili wa ndovu kuliko wengi. Sheria, hata hivyo, haitungwi kwa ajili ya mtu mmoja mwenye kipaji. Hutungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, siku ambayo jua limemkaa usoni na mkono wake unatetemeka.

Kanuni za uwindaji nchini Tanzania zimeichukua .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wakubwa wa hatari kama tembo, nyati na simba. Kiwango hicho hakimlindi mwindaji peke yake. Mnyama aliyejeruhiwa hamngoji aliyempiga. Hukutana na yeyote apitaye. Katika vijiji vya Handeni vinavyopakana na mapori, na katika vile vya Korogwe vilivyo upande wa Mkomazi, apitaye mara nyingi ni mkulima anayelinda mahindi, au mwanamke anayetafuta kuni. Yeye hana leseni wala bunduki, na hakushauriwa kuhusu kaliba.

8. Mitego minne ya mfasiri

Sasa tuyarudie maneno. Mtego wa kwanza ni kuifasiri kaliba kuwa ukubwa wa bunduki. Bunduki kubwa ni ipi? Gobore lina urefu unaozidi bunduki nyingi za kisasa, na tundu lake ni pana kuliko .375. Kifungu kinachodai bunduki kubwa kwa ajili ya nyati kingeliruhusu gobore na kumpeleka mwenye nalo kwenye hatari.

Mtego wa pili ni kuifasiri kuwa uwezo au nguvu. Kosa hili limepata msaada kutoka magazetini, ambako siku hizi twasoma habari za kiongozi wa kaliba fulani au mchezaji wa kaliba ya kimataifa, kwa maana ya daraja au hadhi. Matumizi hayo ya sitiari hayana ubaya katika ukurasa wa michezo. Lakini yakiingia katika kanuni yataleta utata, maana yamekwisha kumzoesha msomaji kuona kaliba kama sifa, si kipimo.

Mtego wa tatu ni wa tarakimu. Nukta katika .375 ni ndogo, na mpiga chapa akiiacha, hubaki 375 bila kizio. Askari wengi huitamka kwa Kiingereza, tarakimu kwa tarakimu, hata wasijue kwamba wanataja sehemu ya inchi. Aidha, majina mengine hayasemi kweli: risasi ya .404 ina kipenyo cha inchi 0.423, na ya .303 ina inchi 0.311, kwa kuwa baadhi ya majina yalichukuliwa kwa kupima juu ya michirizi na mengine kwa desturi ya kiwanda tu. Jina la kaliba, basi, ni jina. Halitoshi kuwa kipimo.

Mtego wa nne ni mbaya kuliko yote, nao ni maneno "isiyopungua". Kwa inchi na milimita, bunduki isiyopungua 9.5 ni ya 9.5 au zaidi. Kwa namba, kama tulivyoona, hesabu huenda kinyume. Anayeandika "bunduki isiyopungua namba 12" akidhani anazuia silaha dhaifu, ameruhusu namba 16 na namba 20 zenye tundu dogo zaidi, na ameikataza namba 8. Sheria imegeuka miguu juu kwa neno moja.

Kuna pia suala la haki. Mtu mwenye 9.3 × 62 anayekuja kuomba leseni ya nyati ana risasi ya inchi 0.366. Kiwango ni 0.375, yaani milimita 9.5. Amepungukiwa milimita 0.2, ingawa nguvu ya bunduki yake inaikaribia ile inayokubaliwa. Je, afisa amkatae? Sheria ikisema kipenyo, jibu ni ndiyo, na liko wazi. Ikisema "nguvu ya kutosha", jibu litategemea afisa, na mwombaji wa Handeni atapata jibu moja na wa Korogwe jingine. Zimbabwe iliuona ugumu huu ikaweka vipimo viwili pamoja kwa wanyama wakubwa: kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nishati isiyopungua jouli 5,300. Njia hiyo huikubali 9.3 kwa tundu, kisha huidai nishati yake. Si kazi ya mfasiri kuchagua kati ya njia hizi. Hiyo ni kazi ya mtunga sheria. Kazi ya mfasiri ni kuhakikisha kwamba njia iliyochaguliwa haipotei katika tafsiri.

9. Mapendekezo

Pengine msomaji angependa kuuliza: kwa kuwa kaliba na kalibu ni ndugu, kwa nini tusiirudishe kalibu na kuitupa kaliba? Wazo hilo linavutia, lakini kalibu ina kazi yake katika karakana, na mafundi hawajaiacha. Kuipa maana ya pili kungemfanya mwanafunzi wa ufundi na mwanafunzi wa sheria wasome neno moja kwa maana mbili. Lugha iliyo na maneno mawili kwa mambo mawili haina sababu ya kujifukarisha.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Kalibu ibaki kuwa umbo la kusubia, ikiwa ni pamoja na umbo la kusubia risasi.

Kipenyo cha mtutu kiwe ndicho kipimo cha kisheria cha tundu, kitajwe daima pamoja na kizio chake, kwa milimita kwanza na inchi baadaye: "milimita 9.5 (inchi 0.375)".

Kaliba itumike kwa jina la aina ya bunduki na risasi yake kama ilivyotolewa na kiwanda: kaliba ya .375 Holland & Holland, kaliba ya 9.3 × 62. Isitumike peke yake pale sheria inapotaka kipimo.

Namba itumike kwa bunduki za marisau tu, na kila inapowekwa mpaka, mwandishi aseme wazi "yenye tundu lisilopungua lile la namba 12".

Nishati ya risasi itajwe kwa jouli, wala isiitwe ukubwa, uwezo au kaliba.

Bunduki ya michirizi liwe jina la silaha yenye mtutu uliochongwa michirizi ndani, na bunduki ya mtutu laini liwe jina la isiyo nayo. Jina la bunduki ya risasi liendelee katika mazungumzo, lakini katika sheria halitoshi, kwa kuwa gobore nalo hutoa risasi.

Gobore, kasiba, mdeki, fataki, gumegume na kiasi yahifadhiwe na kufundishwa. Si maneno ya makumbusho. Magobore yangali yakiletwa mahakamani, na karani anayeandika orodha ya vielelezo anahitaji majina ya sehemu zake.

Walimu wanaweza kulitumia somo hili darasani kwa faida. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, atajifunza hesabu na lugha kwa pamoja, na atatambua kwamba kipimo bila kizio si kipimo.

Mwaka 1890 mpaka wa sheria uliwekwa kwenye michirizi ya mtutu, kwa lugha ambayo mwindaji wa Uzigua hakuijua, naye akauona mpaka huo pale tu alipokamatwa. Leo sheria inaandikwa kwa lugha yake. Akiisoma, iwe ni katika ofisi ya wilaya ya Handeni au ya Korogwe, anastahili kukuta neno lenye maana moja, na tarakimu yenye kizio chake.